Sayansi Nyuma ya Kamba

Nchi yenyewe msiitafute kwenye ramani, mtaumiza macho bure. Na hata mngeipata, kisiwa cha Ukomo msingekiona, maana wachora ramani wa Jamhuri walipofika pembe ile ya bahari walihitaji mahali pa kuweka kile kisanduku kinachoeleza rangi ya kijani ni nini na mstari mwekundu ni nini, wakakiweka juu ya Ukomo. Kwa hiyo wakubwa waliposema hawajawahi kukiona kisiwa hicho walisema kweli tupu, na Mungu awalipe kwa ukweli wao.

Mwaka mmoja kisanduku kilichorwa upya, kikawa kidogo, na ncha ya Ukomo ikachomoza. Jamhuri ikashtuka. Baraza likakaa, likaona kwamba watu walioishi muda wote huo chini ya maelezo bila shaka wamo gizani, na dawa ya giza ni sayansi. Likatangazwa Tamasha la Sayansi kwa Jamii, la kwanza na la kudumu, kisiwani Ukomo.

Bi Mwanakheri alizipata habari hizo akichambua mchele barazani kwake, tasbihi ikiwa imezungushwa kifundoni mwa mkono. Alikuwa mjane. Mumewe, marehemu Makame, alipofariki, naye alipomaliza eda yake, watu wa msikitini walimkabidhi kutunza vyombo vya shughuli: masufuria ya pilau, masinia, majamvi, mabuli. Arusi ikiwepo, hitima ikiwepo, watu huja kwake kuazima. Na Ukomo, tangu watu walipoanza kuishi pale, hakuna aliyepata kumwambia mwenzake "siazimi". Neno lenyewe lilijulikana, kama ukoma unavyojulikana, lakini hakuna aliyetaka lionekane nyumbani kwake.

Ila palikuwa na utaratibu. Sufuria likitoka, kifuniko hubaki. Hutundikwa msumarini ukutani kwa mwenyewe mpaka sufuria lirudi. Ukiingia nyumba ya mtu ukaona kifuniko peke yake ukutani, unajua kuna chombo kiko nje na kuna mtu hajalala vizuri. Na kifuniko hakitoki kulifuata sufuria. Sufuria ndilo hukirudia kifuniko.

Kwa upande wa sayansi, Ukomo ilikuwa nayo kidogo, nayo ilitosha. Zahanati ilikuwa na friji ya chanjo iliyotumia jua. Ilikuwa na kitanda cha kuzalishia chenye taa yake. Na pale pwani, mbele ya nyumba ya Bi Mwanakheri, lilikuwepo boti la mashine la kuvushia wagonjwa kwenda hospitali ya bara, nahodha wake Shomari. Kwa makasia ng'ambo ile ni safari ya kutwa, na mkondo wake umewahi kula watu.

Boti hilo Bi Mwanakheri alikuwa akilitazama kila akitoka kusali. Binti yake Zamda alikuwa na mimba kubwa. Uzazi wa kwanza mtoto alikaa vibaya, akafa, na Zamda mwenyewe alirudi kwa rehema ya Mungu tu. Safari hii Nesi Hidaya wa zahanati alimwambia waziwazi: "Bi Mwanakheri, uchungu ukianza usiningoje hata nivae viatu. Mtie kwenye boti."

*

Aliyetumwa kuandaa tamasha alikuwa Bwana Sudi Makanzu, Mratibu Mkuu wa Mshangao wa Kitaifa. Alishuka na mahema, na vipaza sauti, na askari mmoja aitwaye Koplo Songoro, na bwana mwingine ambaye kazi yake ilikuwa kupuliza filimbi. Wakakusanywa watu uwanja wa shule.

"Ndugu wananchi wa Ukomo!" alisema Mratibu. "Sayansi ni nini? Sayansi ni sayansi. Na wapo wanaosema sayansi si sayansi. Hao wakome!"

Watu wakapiga makofi, kwa sababu hakuna aliyetaka kudhaniwa ndiye yule aliyesema.

Nesi Hidaya akanyanyua mkono. "Samahani, mheshimiwa. Vifaa vya kuonesha viko wapi? Naona mahema matupu."

"Swali zuri sana, dada. Vifaa viko makao makuu. Vinaoneshwa kwa walioviagiza."

"Sasa sisi tutatazama nini?"

"Mtatazama mlivyo navyo," alisema Mratibu, akatabasamu kama mtu aliyeleta zawadi. "Friji, kitanda na taa yake, boti. Tutaviazima kutoka kwenu ili tuwaoneshe."

"Lakini si tunavitumia?"

"Hapo ndipo penye kosa! Kifaa kinachofanya kazi si onesho. Kikifanya kazi, watu hukitumia. Wakikitumia, hawakitazami. Wasipokitazama, sayansi iko wapi?"

Watu wakatazamana. Jambo lenyewe halikuwaingia, lakini neno moja walilifahamu vizuri: kuazima. Mgeni ana shughuli, ameomba vyombo. Mtu ataanzaje kukataa?

Bi Mwanakheri akasimama, akajitanda kanga yake sawasawa. "Mwanangu, kuazima tutaazima. Lakini boti nina haja nalo. Binti yangu mjamzito, wakati wowote anaweza kushikwa."

"Bi Mkubwa!" Mratibu akaweka mkono kifuani. "Hiyo ndiyo sababu tunalionesha! Ili watu waone jinsi serikali yao inavyowajali kina mama kama bintiyo."

"Nimeshukuru. Na akishikwa na uchungu boti limo hemani?"

"Atakuja kulitazama, atafarijika."

Bi Mwanakheri akasema astaghfirullah, kwa sauti ndogo, maana maneno yaliyomjia baada ya hapo hayakuwa ya mtu mwenye udhu. Akauliza jingine. "Litarudi lini?"

"Mgeni rasmi akishafungua tamasha na akishalifunga."

"Na mgeni rasmi anakuja lini?"

"Yuko njiani, kiofisi."

Basi akabaki na lile lililo katika mamlaka yake. "Haya. Ila kila chombo na kifuniko chake."

Mratibu alipoelezwa utaratibu alifurahi mno. Alisema hizo ni mila, na mila ni sayansi iliyovaa kanga. Akapigwa picha akikabidhi vifuniko kimoja kimoja. Shomari alifungua plagi ya mashine, ile inayotoa cheche, akaipangusa, akamwekea Bi Mwanakheri mkononi. Friji ikatolewa waya wake. Taa ikatolewa globu. Kitanda kikakosa pa kutolewa kitu, kikavuliwa godoro. Vyote vikapelekwa kwa Bi Mwanakheri, vikatundikwa, isipokuwa godoro, ambalo liliegemezwa.

Watu wa Ukomo hawakuona ajabu. Sufuria hutoka bila kifuniko. Na wageni hawakuona ajabu, maana walichotaka ni sufuria la kutazamwa.

Kabla ya kuondoka Mratibu akageuka. "Bi Mkubwa, na kamba je? Tunataka kamba ndefu ya kuzungushia, watu wasiguse."

Kamba pekee ndefu iliyokuwepo karibu ilikuwa ya kuanikia nguo, uani kwake, nyeupe, yenye uzi mwekundu aliousokota mwenyewe mwishoni ili isichanganyike na za watu. Akaifungua. Akabaki na vile vijiti vya kubania nguo, ndivyo vikawa kifuniko chake.

*

Mgeni rasmi hakuja siku aliyotakiwa, wala iliyofuata. Lakini hata tamasha lisipofunguliwa, mshangao haukuweza kungoja. Wananchi walipangwa mstari kuizunguka kamba. Bwana wa filimbi akipuliza mara ya kwanza, unatazama. Akipuliza mara ya pili, unashangaa. Waliochelewa kushangaa walirudishwa nyuma ya mstari.

Friji ilibandikwa maneno: BARIDI NI MALI YA UMMA, USIFUNGUE. Ndani yake mlikuwa na joto la kuumulia mkate. Chanjo zenyewe Nesi Hidaya alizihamishia kwenye mtungi wa maji uvunguni, na kila alipokwenda kuzitazama alirudi macho mekundu. Mwisho akazimwaga.

"Nimezimwaga, Bi Mwanakheri," alisema. "Chanjo za watoto kisiwa kizima. Nikaenda kumwambia Mratibu, akaniambia nisiseme neno 'kumwaga' mbele ya wageni, niseme zimesambazwa."

Kila siku baada ya swala ya alasiri Bi Mwanakheri alikwenda hemani. Alikuwa hagombi. Alisimama kwenye kamba yake mwenyewe, upande wa watazamaji, na kuuliza.

"Mwanangu, leo mmemaliza?"

"Bado hatujaanza, Bi Mkubwa," Mratibu humjibu. "Tamasha halijafunguliwa."

"Si nalitazama hapa?"

"Unaliona kwa macho. Kiofisi halipo."

"Kama halipo, nipeni boti langu."

"Tutatoaje kitu kwenye tamasha ambalo halipo?"

Alirudi nyumbani akihesabu tasbihi kwa kasi zaidi kidogo kuliko inavyopendeza. Somo yake, Bi Mchanga wa nyumba ya pili, humsubiri barazani.

"Wamekupa nini leo, somo?"

"Majibu."

"Mengi?"

"Yametosha kulishia hitima."

Zamda alicheka kutoka ndani, kisha akashika ubavu. Mama yake alikisikia kile kicheko kilivyokatika. Usiku na mchana alikuwa akimsikiliza pumzi binti yake, na kila wazo lake lilikwenda kusimama pale pale: boti jeupe, juu ya matofali, ndani ya hema, lina mashine safi isiyo na plagi, na plagi iko ukutani kwake, na kati ya viwili hivyo pana kamba ya nguo. Alimwomba Mungu ampe subira. Alipoona subira anapewa nyingi mno, akaomba kingine.

*

Uchungu ulimshika Zamda baada ya alfajiri, siku ile ile vipaza sauti vilipotangaza kwamba Mheshimiwa Waziri wa Sayansi, Upepo na Mambo Yajayo ameshuka pwani. Nesi Hidaya alimpapasa tumbo. Akampapasa tena.

"Sema, mwanangu," alisema Bi Mwanakheri.

"Amekaa kama yule wa kwanza. Hapa sina kitanda, sina taa. Avuke sasa hivi."

"Na boti alilokuja nalo Waziri?"

"Nimeshamtuma Shomari kuomba. Wamesema haliruhusiwi kuondoka, lazima likae limeelekea nje, isije ikatokea dharura ya Mheshimiwa."

Wakamshika Zamda huku na huku, wakaenda naye hemani polepole, wakisimama kila uchungu unapokuja. Huko Waziri alikuwa ameshaanza kuhutubia, amesimama mbele ya boti, televisheni ya taifa imemwelekea.

"...na boti hili, ndugu zangu, ni mkombozi wa mama! Nimeambiwa na wataalamu wangu, tangu boti hili liingie katika hema hili halijawahi kupata ajali hata moja!"

Filimbi ikalia mara mbili. Watu wakashangaa.

"Mheshimiwa," alisema Bi Mwanakheri.

Mratibu alikuja mbio. "Bi Mkubwa, maswali baadaye, baada ya soda."

"Si swali. Mheshimiwa, mama unayemsema ndiye huyu. Kashikwa. Tunaomba boti."

Waziri alimtazama Zamda, uso wake ukachanua. Akamgeukia Mratibu. "Huyu mmempanga?"

"Ndiyo, Mheshimiwa," alisema Mratibu, ambaye hakupata kukosa jibu maishani. "Onesho hai."

"Bora kabisa! Mpandisheni!"

Kwa hiyo Zamda akavushwa kamba, akapandishwa kwenye boti juu ya matofali, mahali ambapo bahari ilikuwa inasikika vizuri. Mtu wa kamera akamwomba ageuke kidogo kwenye mwanga. Mratibu akainama ukingoni. "Dada, unaruhusiwa kupiga kelele. Ila ziwe za shukrani."

"Panda wewe ulale hapa," alisema Zamda akiwa amekaza meno, "nikukanyage kiuno, tusikie zako za shukrani zikoje."

"Hiyo tutaikata," Mratibu alimwambia mtu wa kamera.

Waziri akapanda nyuma, akavua koti, akaikamata ile kamba ya kuwashia mashine. "Na sasa, kwa niaba ya Jamhuri!" Akavuta. Mashine kimya. Akavuta tena. Akavuta mpaka kifungo cha shati kikaruka.

"Imetulia kwa heshima, Mheshimiwa," alisema Mratibu.

"Aliyenipangia heshima hii ni nani?" Waziri aliuliza kwa sauti ya chini, ile ambayo hufukuza watu kazi.

"Kifuniko chake kiko kwangu," alisema Bi Mwanakheri.

Akaeleza: plagi iko msumarini, waliazima wenyewe, wakapigwa hata picha.

"Ilete hapa basi!"

"Haiji, Mheshimiwa. Kifuniko hakitoki. Chombo ndicho hurudi."

"Mama, ni kitu cha kushika kiganjani! Boti hili zito!"

"Nalijua uzito wake. Tulilibeba sisi."

Watu waliozunguka wakaitikia kwa koo, wote pamoja, bila filimbi. Wengi wao walimpenda Zamda, na waliobaki walikuwa na masufuria yao nje. Bi Mwanakheri alikuwa ametulia kama anayepima mchele, kwa nje. Kama yule bwana angesema "mwacheni" na kushuka, hakuwa na neno jingine.

Lakini kamera ilikuwa ikimtazama Waziri, na Waziri alikuwa ameloa jasho mbele ya taifa zima, ameshindwa na mashine. "Bebeni!" alifoka. "Wote! Bebeni!"

Wakabeba. Mratibu alibeba, bwana wa filimbi alibeba, wataalamu wa upepo na wa mambo yajayo walibeba, Zamda yumo ndani anawataja mmoja mmoja kwa majina ambayo hayakuandikwa kwenye ratiba. Koplo Songoro peke yake hakubeba. Amri yake ilikuwa kulinda kamba, akailegeza wapite, akaikaza tena.

Boti likashushwa majini mbele ya nyumba. Bi Mwanakheri akaingia ndani, akaitoa plagi msumarini, akasema bismillahi, akampa Shomari. Shomari akaifunga, akavuta mara moja. Mashine ikanguruma. Nesi akaruka ndani, Bi Mwanakheri akafuata, kanga yake imelowa hadi magotini.

"Simameni pale kwenye boya!" Waziri alipiga kelele, maji yakimfika mapajani, mkasi wa utepe mkononi. "Mzunguke mrudi! Sijafungua!"

Shomari hakusikia. Au alisikia, akaona mashine inastahili kusikilizwa zaidi.

*

Hospitali ya bara walimgeuza mtoto, akatoka, akalia. Wa kike. Bi Mwanakheri alisujudu pale pale koridoni, mpaka mfagiaji akamwomba apishe.

Boti, kwa upande wake, lilikamatwa bandarini. Ilisemekana ni onesho lililotoroka kwenye tamasha kabla ya kufungwa, jambo ambalo sheria haikulitegemea, ikabidi iundwe tume. Tume inasubiri boti lijieleze. Shomari alirudi nyumbani na plagi mfukoni, akaikabidhi kwa Bi Mchanga, nayo ikarudi msumarini.

Mama, mtoto na bibi walirudi Ukomo kwa mashua ya chumvi. Walipokaribia, kitu cha kwanza walichokiona ni mahema. Bado yalikuwepo. Waziri alikuwa ameondoka kwa hasira bila kukata utepe, kwa hiyo tamasha halikuwa limefunguliwa, na lisilofunguliwa haliwezi kufungwa. Friji ilikuwa ndani ya kamba, kitanda ndani ya kamba, bwana wa filimbi amekonda.

Mratibu alikuja kabla hata wageni wa kumtazama mtoto hawajaisha. Akavua viatu kwa adabu, akaketi mkekani, akasifu pua ya mtoto.

"Bi Mkubwa, makao makuu wamefurahi sana. Huyu ndiye tunda la kwanza la tamasha. Wanataka aoneshwe mji mkuu, hema kubwa, lenye mapazia. Nimekuja kumwazima."

Bi Mchanga aliacha kutafuna. Mtu ana shughuli, ameomba chombo. Wanawake wote mle ndani walimtazama Bi Mwanakheri, na macho yake yalikuwa ukutani, kwenye misumari, kwenye plagi na waya na globu, vifuniko vilivyokaa wajane.

"Na kifuniko chake ni kipi?" aliuliza taratibu.

"Mama yake," alisema Mratibu, mwanafunzi mwepesi. "Mama atabaki."

Bi Mwanakheri alimchukua mtoto kwa Zamda, akamweka begani, akampigapiga mgongo.

"Siazimi," alisema.

Lilikuwa neno fupi tu. Bi Mchanga akashika mdomo. Mratibu akatabasamu akisubiri liendelee, halikuendelea. Akatafuta viatu vyake, akavivaa cha kulia mguu wa kushoto, akaondoka.

"Somo," Bi Mchanga alinong'ona, "umelisemaje? Limeuma?"

"Mwanzoni tu," alisema Bi Mwanakheri.

Ndipo mtoto akajikojolea, na nepi zilizofuliwa zilikuwa zimejaa beseni tangu asubuhi, hazina pa kuanikwa.

Alikwenda hemani moja kwa moja. Hakuuliza kama wamemaliza. Alikwenda kwenye nguzo ya kwanza, akautafuta ule uzi mwekundu, akaanza kufungua fundo.

"Mama," alisema Koplo Songoro, kwa masikitiko, "naomba usinitie matatani. Nina amri."

"Amri gani, mwanangu?"

"Linda kamba."

"Ilinde. Ni kamba yangu, naipeleka nyumbani. Mtoto hana nepi kavu."

Koplo alifikiri, na alipofikiri vya kutosha akaona kwamba katika amri ile hakuna neno friji wala neno kitanda. Akamsaidia fundo la mwisho, lilikuwa limekaza. Bi Mwanakheri akaizungusha kamba kiwikoni, akaenda zake, na Koplo nyuma yake.

Pale hemani vikabaki vitu tu, vimekaa uwanjani, kama masufuria asubuhi ya baada ya arusi. Wanawake wakatazamana. Nesi Hidaya akashika friji upande mmoja, Bi Mchanga akashika wa pili, na kitanda kikapata wabebaji wake. Jioni hiyo waya ulirudi kwenye friji na globu kwenye taa, na godoro likalazwa. Chanjo mpya zimeagizwa. Makao makuu yamejibu kwamba kwa mujibu wa taarifa zao zile za kwanza zilisambazwa.

Plagi peke yake ingali ukutani. Bi Mwanakheri huitazama kila akitoka kusali, kisha huitazama bahari.

Na uani kwake, kutoka ukuta hadi mpapai, kamba imefungwa, nepi zimepangwa juu yake, zimebanwa na vijiti vyake. Koplo Songoro amesimama kando, wima, bunduki begani. Hakuna aliyemwondoa, maana tamasha bado linaendelea. Mvua ikianza, yeye ndiye anayezianua.